Waziri wa Siku 68

Serikali ambayo Robert Serumaga alikuwa Waziri wake wa Biashara ilidumu siku 68. Kabla ya hapo alikuwa ameandika na kuigiza tamthilia kwa zaidi ya miaka kumi. Mimi naandika michezo ya kuigiza ya shule kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na kuna watu hapa Kiritiri wanaotaka niwanie kiti cha MCA wa wadi ya Mavuria, Agosti 2027. Ndiyo maana nimekuwa nikimfikiria sana huyu Mganda aliyefariki kabla sijazaliwa.

Wacha nieleze jinsi jambo hili lilivyoanza. Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, Mbeere nzima ilishika kichwa. Muguka ndio karo yetu, ndio unga, ndio hospitali. Akina mama huamka usiku kuchuma, na pikapu huondoka hapa zikikimbia kana kwamba zimebeba mgonjwa mahututi. Nikaandika mchezo mfupi kuhusu mama mchumaji na mwanawe aliye Mombasa, kijana ambaye anatafuna kile kile ambacho mamake anachuma, hadi hana tena kazi wala usingizi. Sikuegemea upande wowote. Wanafunzi wangu waliuigiza siku ya soko, kando ya barabara, na watu waliacha kununua ndengu wakasimama kutazama. Wengine walicheka. Mama mmoja alilia, akaondoka na kikapu chake bila kumwaga neno.

Mwezi uliofuata, Juni 25, vijana wa Kenya waliingia Bungeni Nairobi kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Baada ya hapo hakuna kijana wa bodaboda hapa Kiritiri aliyezungumza kuhusu siasa kwa namna ile ya zamani. Wakaanza kuhesabu: nani amekula nini, barabara ile ilipangiwa pesa ngapi, basari ya wadi ilienda kwa mtoto wa nani. Na siku moja wakaja kwangu, saba, na pikipiki nne.

"Mwalimu," mkubwa wao akaniambia, "wewe unajua kusema na watu wakasikia. Kwa nini uwaachie hao wengine kipaza sauti?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kitabu.

Kitabu chenyewe ni *Majangwa*, tamthilia ya Serumaga iliyochapishwa Nairobi mwaka 1974. Nilikinunua mjini Embu miaka mingi iliyopita, kwa muuza vitabu vikuukuu. Kilichonivuta ni maneno yaliyo chini ya jina la kitabu, yanayosema habari ya ahadi ya mvua. Mtu wa Mbeere hawezi kupita maneno hayo. Sisi tunakaa chini ya kivuli cha mlima: Embu ya juu wana chai na kahawa, huku chini tuna jua, mawe na mawingu yanayopita yakielekea kwingine. Nikadhani ni hadithi ya wakulima. Kumbe ni mume na mke, Majangwa na Nakirijja, wasanii wa barabarani ambao zamani walivuta umati kwa ngoma na uchezaji, na ambao wamefika mahali pa kuuza mbele za watu hata yale ambayo mke na mume huyafungia mlango. Wameketi kando ya barabara, wanagombana, wanakumbuka. Mvua ni ahadi tu.

Niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni mchezo kuhusu umaskini. Sasa naona ni kuhusu msanii anayeuliza umati unataka nini kwake, na atauuzia hadi wapi.

Serumaga alizaliwa Uganda mwaka 1939. Alisomea uchumi katika Trinity College, Dublin, jambo ambalo watu husahau kwa sababu ya umaarufu wake wa jukwaani. Alikuwa mtu wa hesabu kabla ya kuwa mtu wa ngoma. Aliporudi nyumbani katika miaka ya 1960 alianzisha kampuni ya maigizo mjini Kampala, Theatre Limited, na mwaka 1969 akachapisha riwaya, *Return to the Shadows*. Riwaya hiyo inasimulia mapinduzi ya kijeshi katika nchi ya kubuni iitwayo Adnagu. Hebu isome kutoka nyuma. Msomi mmoja, Joe Musizi, anajikuta katikati ya fujo za askari, na elimu yake yote haimwambii afanye nini. Chini ya miaka miwili baadaye, Januari 25, 1971, Idi Amin alimpindua Milton Obote. Mwandishi alikuwa ameshapita njia hiyo kwa kalamu.

Chini ya Amin, Serumaga hakunyamaza, ila alibadilisha lugha. Maneno yakaanza kupungua jukwaani, mwili ukachukua nafasi yake. Kundi lake likaitwa Abafumi, yaani wasimulizi wa hadithi. Mwaka 1972 walitoa *Renga Moi*, mchezo uliotokana na simulizi la Waacholi na kuchanganya lugha kadhaa za Uganda, na ulizunguka dunia hadi ukafika ukumbi wa Aldwych, London, mwaka 1975. Kisha wakatoa *Amayirikiti*, mchezo usio na mazungumzo kabisa. Jina hilo ni la mti ule wenye maua mekundu kama makaa. Sisi tunauita muvuti, na uko mmoja nyuma ya ofisi ya walimu pale shuleni. Wakati wa kiangazi hauna hata jani moja, ni maua matupu. Ukiwa unaishi katika nchi ambayo watu wanachukuliwa usiku na kuwekwa kwenye buti la gari, mti wa namna hiyo jukwaani hauhitaji kutamka kitu. Askari wa usalama atakushtaki kwa maneno gani, na hukusema neno?

Ufundi huu tunaufahamu hata sisi walimu wa drama. Ukiogopa mstari fulani utakatwa na waamuzi, unaugeuza kuwa wimbo. Ukiogopa wimbo, unaugeuza kuwa hatua tatu na kimya. Wanafunzi wanaelewa, wazazi wanaelewa, na afisa aliyekaa mstari wa mbele anapiga makofi.

Lakini kimya nacho kina mwisho wake. Byron Kawadwa alikuwa mwandishi wa tamthilia na mkurugenzi wa sanaa wa Jumba la Kitaifa la Maigizo, Kampala. Mwanzoni mwa 1977 aliongoza wasanii kwenda Lagos, kwenye tamasha kuu la sanaa za watu weusi, FESTAC, na mchezo wake wa muziki *Oluyimba lwa Wankoko*, wimbo wa jogoo. Waliporudi, watu wa Amin walimchukua wakamuua. Februari mwaka huo huo ndipo alipouawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Kampala ikawa haina tena mahali pa kujificha, hata nyuma ya ngoma. Serumaga akakimbilia Nairobi.

Hapo ndipo maisha yake yanapoanza kunihusu mimi. Angeweza kukaa Nairobi akaandika. Alikuwa na jina, alikuwa amecheza katika miji mikubwa, nyumba za uchapishaji zilikuwa hapa hapa. Badala yake akaingia katika siasa za kumwondoa Amin. Machi 1979, vyama na vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana Moshi, Tanzania, vikaunda umoja wa ukombozi, UNLF, chini ya Yusuf Lule. Aprili 11 jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda likaiteka Kampala. Siku mbili baadaye Lule aliapishwa kuwa rais, na mwandishi wa *Majangwa* akapewa Wizara ya Biashara.

Nimejaribu kuiwazia ofisi hiyo. Mji umetoka kuporwa. Maduka yako wazi, maana milango imeng'olewa. Wahindi waliokuwa wakiendesha biashara nyingi walifukuzwa mwaka 1972, na mali zao zikagawiwa watu wa Amin. Sukari, chumvi na sabuni hupatikana kwa magendo. Na wewe umeketi mezani, umesomea uchumi, na kwa miaka mingi umekuwa ukiwaambia watu jukwaani kwamba wanateseka. Sasa wamekuja mlangoni, wanasema: tunajua tunateseka, sukari iko wapi?

Hakupata muda wa kujibu. Lule alifanya mabadiliko ya mawaziri bila kupata idhini ya Baraza la Ushauri la Kitaifa, baraza likamwondoa, Juni 20, 1979. Siku 68. Serumaga alirudi uhamishoni Nairobi, na humo Nairobi akafariki Septemba 1980, akiwa na umri unaokaribia huu wangu wa sasa.

Nilimsimulia haya mwalimu mwenzangu wa historia, tukinywa chai wakati wa mapumziko. Akacheka. "Nyinyi watu wa drama hamjaanza leo," akasema, kisha akanipa somo la dakika kumi kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa. Kulikuwa na Fabre d'Églantine, mwigizaji na mwandishi wa tamthilia, ambaye alikuwa katibu wa Danton katika Wizara ya Sheria, kisha mbunge. Walipotaka kalenda mpya isiyo na watakatifu wala wafalme, yeye ndiye aliyeipa miezi majina: mwezi wa mavuno ya zabibu, mwezi wa ukungu, mwezi wa joto. Hapo nilimpenda, kwa sababu nasi huita msimu wa mvua kwa jina la mwere unaopandwa. Lakini Aprili 5, 1794, alikatwa kichwa siku moja na Danton, akiwa ametuhumiwa kwa kashfa ya pesa za Kampuni ya India. Kulikuwa pia na Collot d'Herbois, naye mwigizaji na mwandishi. Huyu aliingia katika Kamati ya Usalama wa Umma, akatumwa Lyon mwaka 1793 kuuadhibu mji ulioasi, na watu wakauawa kwa mamia. Alifia uhamishoni Guiana mwaka 1796.

"Mmoja kashfa, mmoja damu," mwenzangu akasema huku akisuuza kikombe. "Na wako, mmoja alifia ugenini. Sasa wewe unataka kuwa yupi?"

Nilimwambia siku za MCA si siku za guillotine. Akaniuliza kama nimewahi kukaa katika mkutano wa kuidhinisha basari.

Hapo alinishika pabaya, kwa sababu basari ndiyo kiini cha jambo lote. Muhula uliopita wanafunzi watatu wa kundi langu la maigizo waliacha shule kwa kukosa karo. Mmoja wao ndiye aliyecheza mama mchumaji wa muguka, yule aliyemliza mama wa watu sokoni. Nina uhakika sijawahi kuwa na mwigizaji mzuri kumliko. Sasa anachuma muguka kwelikweli. Mchezo wangu ulimpa makofi; saini ya MCA ingempa kiti darasani. Mtu akiniambia sanaa ni bora kuliko siasa, nataka kwanza akamwambie huyo msichana.

Mke wangu naye ana hesabu zake. Alisikiliza vijana wa bodaboda hadi wakamaliza, akawapa uji, na walipoondoka akanionyesha kitabu cha chama. "Kampeni inaanza na mia mbili mia mbili za watu barabarani," akasema. "Ukitoka nyumbani asubuhi unarudi umeishiwa. Shamba la ndengu tutaliuza lini, kabla ya uteuzi au baada?" Sikujibu. Mama yangu, ambaye huniita baba kwa kuwa nilipewa jina la babake, alisema jambo moja tu: "Baba, ukishakuwa mheshimiwa, nani atakuambia ukweli?"

Usiku huo nilirudi kwa *Renga Moi*. Renga Moi ni shujaa ambaye mkewe amejifungua mapacha. Mila inamtaka abaki nyumbani, asimwage damu, hadi matambiko ya mapacha yakamilike. Katika siku hizo hizo kijiji kinashambuliwa. Wanakijiji wanamtazama yeye, maana hakuna mwingine anayejua vita kama yeye. Akibaki, kijiji kinaangamia. Akienda, amevunja mwiko wa nyumba yake. Anaenda, anashinda, na anaporudi anakuta watoto wake wameuawa.

Serumaga alitunga hilo miaka saba kabla ya Moshi. Sidhani alikuwa akijitabiria. Nadhani alijua tu kwamba wito wa kijiji na wito wa nyumba huja siku moja, na kwamba mtu anayeombwa ni yule yule. Kinachonishangaza ni kwamba hakumpa Renga Moi njia ya tatu. Mimi ningeiandika. Walimu wa drama tunapenda njia ya tatu, waamuzi huipa alama.

Kuna wanaojaribu kushika yote mawili. Aprili mwaka 2025, Kenya nzima iliongea kuhusu Shule ya Wasichana ya Butere na mchezo wao *Echoes of War*, uliotungwa na Cleophas Malala, seneta wa zamani wa Kakamega. Mwaka 2013 mchezo wake mwingine, *Shackles of Doom*, ulikuwa umepigwa marufuku, Mahakama Kuu ikauruhusu. Safari hii Malala alikamatwa, na kule Nakuru, kwenye Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu, wasichana waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani bila kuigiza, huku polisi wakirusha vitoa machozi nje. Una maoni yako kuhusu siasa za Malala, msomaji, nami nina yangu. Ila nilitazama zile picha na nikawaza: waliokuwa wakikohoa ni watoto wa shule. Aliyetunga ni mtu mzima mwenye wakili. Nina wanafunzi ishirini na wawili katika kundi langu. Siku nitakapokuwa mgombea, kila mchezo watakaoigiza utakuwa kampeni yangu, watake wasitake, na kila atakayenichukia atawachukia wao.

Hilo ndilo lililoamua, si kaburi la Serumaga wala panga la Wafaransa. Wanaotaka kiti cha Mavuria hadi sasa nimewahesabu tisa. Wanaoandika michezo ya kuigiza hapa Kiritiri nimejihesabu mmoja. Kiti hakitakosa mtu. Jukwaa lile la kando ya barabara, siku ya soko, ambapo mama wa mwenye muguka na mama wa mlaji muguka wanasimama pamoja bila kuulizwa wako chama gani, hilo likifungwa sijui litafunguliwa na nani.

Nikawaita wale vijana. Nikawaambia hapana. Mkubwa wao alinyamaza kwa muda, kisha akasema, bila hasira, "Basi mwalimu, umetuachia wezi." Sikuwa na jibu la kumtosheleza, na sidhani lipo. Nilimwambia nitakaa nao kwenye kila kikao cha umma cha bajeti ya wadi, nitawaandikia maombi ya kupata orodha ya basari, na orodha ikipatikana nitaiweka jukwaani kama ilivyo, jina kwa jina. Akauliza kama siogopi. Nikamwambia kuhusu Kalundi Serumaga, mwana wa Robert, ambaye naye aliwahi kuongoza Jumba la Kitaifa la Maigizo kule Kampala. Septemba 2009, wakati wa ghasia za Kayunga, alizungumza katika kipindi cha televisheni. Alipotoka alikamatwa na kupigwa. Hakuwa waziri. Hakuwa anawania chochote. Alikuwa ameongea tu.

"Kwa hivyo hata ukikaa nje unapigwa," kijana akasema.

"Hata ukikaa nje."

Alifikiria kidogo, akawasha pikipiki. Wiki iliyofuata walikuja tena, safari hii wakiwa na mwanamke mmoja mfanyabiashara wa ndengu, mjane, mtu anayejua bei ya kila gunia kutoka hapa hadi Kiambere. Yeye ndiye watakayempigia debe. Aliniuliza kama nitamwandikia hotuba. Nilimwambia hotuba siandiki, lakini aje amsikilize yule msichana wangu aliyeacha shule, kisha aseme mwenyewe atakachosema. Wamekutana Jumapili, shambani, katikati ya mistari ya muguka. Sikwenda. Nasikia waliongea hadi jua likazama.